Mteremko wa Somoe

Banda langu liko nyuma ya soko la Newala:
runinga nne, pedi saba, mbili zimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na ubao wa chaki:
MPIRA 300. NGUMI 300. MAGARI 500. MATUSI NJE.
Malipo ya korosho yakitoka
watoto huja na noti zilizokunjwa kama barua za siri.
Mimi si mtu wa sanaa. Mimi ni mtu wa dakika.

Somoe Nandonde, binti wa fundi cherehani,
akaleta kompyuta yenye ufa kwenye kioo.
"Kaka Chilumba, nimetengeneza gemu. Cheza, uniambie."

Nilitegemea bunduki.
Palikuwa na mwanamke, ndoo,
na mteremko wa Shimo la Mungu.

Basi. Unashuka gizani kabla ya jogoo,
unachota polepole, maana ukikoroga unapanda na tope,
unaweka ngata, unajitwika, unaanza.
Ukikimbia, yanamwagika.
Ukichelewa, kule juu watoto wanaamka na kiu.
Hakuna adui. Hakuna pointi.
Kwenye jiwe la nusu njia kitufe kimoja tu kinafanya kazi:
kupumua.

"Mshindi anapata nini?"
"Maji," akasema.

Nilimwaga mara sita.
Ya saba nikafika na robo ndoo.
Mtoto akatoka mlangoni, akachungulia ndani,
kisha akainua macho akanitazama. Hakusema kitu.

Mama yangu alikuwa na kipara kidogo utosini,
kama sarafu.
Tulikuwa tukimtania.
Nusu saa ilikwisha, na sikujidai hela.

Jumamosi akaja bwana kutoka Dar, nembo mfukoni mwa shati,
akacheza dakika tatu, simu mkono wa pili.
"Zuri, ila lina usingizi.
Weka ndoo ya dhahabu, isiyomwagika, elfu mbili tu.
Pale kwenye jiwe weka tangazo la sabuni,
si watu wamepumzika?
Na wakiishiwa maji, wanunue."

"Wanunue maji?"
"Maji ya gemu, dada."

Nje kijana wa toroli alikuwa anapita na madumu,
anataja bei ya leo.
Hakuna aliyecheka.

Nikasema, labda nimtetee:
"Bwana mkubwa, hii ni sanaa."
Akaniuliza sanaa gani inayokaa na mpira wa mia tatu.
Nikakosa jibu, nikamkumbuka baba mdogo wa Somoe,
mchonga mpingo kule Mtwara mjini:
mwaka jana twiga mia mbili za oda,
shingo zote kipimo kimoja.
Usiku anachonga kingine, hakiuzi, hata jina hajakipa.
Tezo ni ile ile.
Mti uleule.
Sijui ni saa ngapi unageuka.

Somoe hakumfukuza mgeni.
Ana ada ya chuo, ana betri iliyovimba.
Alipokea kadi kwa mikono miwili,
akaichomeka kwenye jalada la daftari.

Wiki mbili kimya.
Kisha akarudi. "Nimeongeza mtu."

Kweli. Pale kwenye jiwe sasa amesimama bwana,
nembo mfukoni, hatoki jasho,
anakunyooshea ndoo inayong'aa.
Nikaichukua. Nani asingechukua?
Nikapanda mbio, halikudondoka tone,
nikafika kabla ya jua.

Mlango ukafunguka.
Mtoto akachukua ndoo, akaingia nayo ndani.
Hakuchungulia. Hakunitazama.

Nikabonyeza kupumua.
Kitufe kilikuwa kimekufa.

"Utamwuzia yule bwana?" nikamwuliza.
"Nitampelekea," akasema, "acheze kwanza."

Watoto walikuwa wanagonga bati, wanataka mpira,
nikawawashia mpira, ndio unaolipa umeme.
Halafu nikauendea ubao,
chini ya MATUSI NJE nikaandika MAJI,
na chaki imeganda mkononi hadi sasa,
bei sijaijua.